Kutoka Safu ya Muziki hadi Riwaya ya Miaka ya Themanini: Mwongozo kwa Mwandishi wa Habari za Dansi

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwandishi wa habari za muziki ambaye ameziandika bendi za dansi kwa miaka mingi, ambaye kabati lake limejaa madaftari ya mahojiano na kaseti zilizoanza kufifia, na ambaye sasa anataka kuandika riwaya inayorejea Dar es Salaam ya miaka ya themanini. Mwandishi wa aina hii anaanza na akiba ambayo mtunzi mwingine angeitafuta kwa muda mrefu, kwa sababu anajua nani alipiga gitaa la solo katika bendi gani, ukumbi upi ulijaa Jumamosi na kwa nini mwimbaji fulani alihama. Tatizo lake ni kwamba akiba hiyo inataka kuingia yote kitabuni. Riwaya nyingi za kumbukumbu huharibika hapo: hugeuka orodha ya majina ya bendi, mitindo ya suruali na vipindi vya redio, msomaji akafurahi kurasa chache za mwanzo kwa kuvitambua vitu alivyovisahau, kisha akakifunga kitabu kwa sababu ndani yake hamna mtu anayehitaji chochote.

Msimamo wangu, ambao hatua zote zinazofuata zinausimamia, ni kwamba utamu wa miaka ile haukutengana na uhaba wake. Wimbo ulipendwa kwa sababu ulisubiriwa, suruali ilikumbukwa kwa sababu iliazimwa, na usiku wa dansi ulikuwa mkubwa kwa sababu kesho yake kulikuwa na foleni ya sukari. Kwa hiyo kazi ya mtunzi ni kuonyesha kila kitu kilipatikana kwa njia gani, kilimgharimu nani na nani alikikosa. Akifanya hivyo, hamu ya kale itamjia msomaji yenyewe bila kuitwa.

Hatua ya kwanza: Chagua mwaka, usichague muongo

Anayeandika kwa hamu ya kale huelekea kuichukua miaka kumi yote kana kwamba ilikuwa siku moja ndefu. Tanzania ya 1981 na ile ya 1988 zilitofautiana kiasi kwamba mtu aliyelala katika ya kwanza na kuamka katika ya pili angepotea sokoni. Mwaka 1981 nchi ilikuwa bado inabeba gharama za vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, na bendi iliyotaka santuri ilijua kwamba mitambo ya kuzitengeneza iko Nairobi, upande wa pili wa mpaka huo. Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambapo baadhi ya watu walitupa usiku bidhaa walizokuwa wameficha mchana. Mwaka huohuo mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa rasmi Dar es Salaam na daladala zikaingia barabarani, na mwezi Novemba mpaka wa Kenya ukafunguliwa. Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alifariki katika ajali ya gari mkoani Morogoro, na bendi zikatunga nyimbo za maombolezo. Katikati ya mwaka huo serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Tarehe 5 Novemba 1985 Mwalimu Nyerere alimkabidhi urais Ali Hassan Mwinyi, na mwaka 1986 nchi ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Baada ya hapo bidhaa zilirudi madukani, lakini fedha za kuzinunulia zikawa adimu mifukoni.

Kila kimojawapo cha vipindi hivyo kinazaa hadithi ya aina yake. Kijana anayetafuta nyuzi za gitaa mwaka 1982 anatafuta kitu kisichokuwapo nchini, na ili akipate lazima amjue baharia, rubani au mtu wa magendo. Kijana huyohuyo mwaka 1987 anaziona nyuzi zimening'inia dukani Kariakoo na hana uwezo wa kuzinunua. Hamu ni moja, vizuizi ni viwili tofauti, na riwaya hujengwa na kizuizi.

Anayeanza ningemshauri achague mwaka mmoja kati ya 1983 na 1985, kwa sababu ndani ya miaka hiyo mambo ya nchi na mambo ya bendi yaligeuka kwa pamoja, na mhusika anaweza kuguswa na yote mawili ndani ya miezi michache. Chukua karatasi kubwa, andika miezi 12 kutoka juu hadi chini, kisha chora safu 3: ya nchi, ya bendi, na ya nyumba anamoishi mhusika wako. Safu mbili za kwanza utazijaza kwa urahisi kwa kuwa ndiyo kazi uliyoizoea. Ukikuta ya tatu haina kitu, ujue kwamba bado huna riwaya, hata kama zile mbili zimejaa hadi pembezoni.

Hatua ya pili: Mtafute mhusika nyuma ya jukwaa

Mwandishi wa habari amezoea kumfuata mwimbaji kiongozi, kwa sababu ndiye aliyeuza gazeti. Katika riwaya, mwimbaji mashuhuri ni mhusika mgumu: msomaji mwenye umri mkubwa atamlinganisha na mtu halisi anayemkumbuka, na mtunzi atajikuta anamlinda au anamsema vibaya. Mhusika bora ni yule ambaye maisha yake yalitegemea bendi lakini jina lake halikuandikwa popote. Fikiria fundi wa vipaza sauti anayetengeneza amplifaya kwa vipuri vya redio mbovu, dereva wa gari la vyombo, mke wa mpiga tumba ambaye hulala na kitasa wazi hadi alfajiri, au kijana anayekata tiketi mlangoni na kusikiliza kila onyesho kupitia ukutani.

Mimi namwona mhusika mwenye hadithi kubwa zaidi kuwa karani wa shirika lililomiliki bendi. Hapa mwandishi wa habari za dansi ana mali ambayo mtunzi mgeni hawezi kuipata kwa kubuni. Wakati ule sehemu kubwa ya bendi zilikuwa chini ya taasisi, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi na baadaye ikaitwa JUWATA Jazz kadiri chama chenyewe kilivyobadilika. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, UDA Jazz ya shirika la usafiri la Dar es Salaam, Bima Lee ya Shirika la Bima la Taifa, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, na kule Iringa Tancut Almasi ilikuwa ya kiwanda cha kukata almasi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ambalo jina lake bado linatangulia lile la bendi.

Maana yake ni kwamba gitaa lilikuwa na namba ya mali kwenye leja ya shirika. Mpigaji alilipiga miaka 6, akajua kila ufa wa shingo yake, na siku aliyohama alilazimika kulirudisha stoo na kusaini. Karani aliyeipokea saini hiyo alisimama mahali ambapo muziki, siasa, mshahara na tamaa vilikutana. Yeye ndiye aliyejua bendi inaidai nini menejimenti, nani amekopa mshahara wa miezi 2 mbele, ni barua gani ya kuomba seti mpya ya ngoma imekaa mezani kwa bosi tangu mwaka jana, na ni nani anayekuja jioni akiwa na ahadi za mwajiri mwingine.

Kuhama ndiko kulikokuwa tamthilia kuu ya dansi. Mwaka 1985 wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, wakiwamo Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka, waliondoka na kwenda kuunda upya Orchestra Safari Sound ya mfanyabiashara Hugo Kisima, na mashabiki walilipokea jambo hilo kama wanavyopokea leo mshambuliaji wa Yanga anapovaa jezi ya Simba. Hutakiwi kulisimulia tukio hilo lenyewe. Tunga bendi yako, shirika lako na mtindo wako wa kuchezea, kisha uulize maswali ambayo habari ya gazetini haikuwa na nafasi ya kuyauliza. Waliobaki walifanya mazoezi gani Jumatatu iliyofuata? Nani alipewa beti za mwimbaji aliyeondoka, na alipoziimba mara ya kwanza mbele ya watu aliangalia wapi? Mke wa aliyehama, aliyekuwa akikaa nyumba moja na mke wa aliyebaki, wakitumia kisima kimoja, alizungumza nini asubuhi ile? Ukipata majibu ya maswali hayo matatu, una sura tatu za mwanzo.

Hatua ya tatu: Kila kitu kionyeshe gharama yake

Kabla ya kuingiza kitu cha zamani katika ukurasa, jiulize kilifikaje mkononi mwa mhusika. Kama huna jibu, kiache. Kanuni hii moja itakuondolea nusu ya vitu ulivyopanga kuviweka, na vilivyobaki vitakuwa na uzito.

Chukua kaseti, kitu ambacho kila mwandishi wa miaka ile hukitaja na ni wachache wanaokiona. Kaseti ya dakika 60 ilichukua dakika 30 kila upande, na mara nyingi haikuwa mpya. Ilikuwa kaseti ya hotuba, ya dini au ya muziki wa mtu mwingine, ambayo vitundu vyake viwili vya juu vimezibwa kwa karatasi iliyokunjwa ili ikubali kurekodiwa tena. Anayetaka wimbo aliutega redioni. Stesheni ya Tanzania Bara ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo nyingi za dansi zilirekodiwa katika studio yake na kuishi kwenye tepu zake bila kuwa santuri. Kwa hiyo ulikaa mbele ya redio kaseti, kidole kimoja juu ya kitufe chekundu na kingine juu ya cha kuchezesha, ukaomba mtangazaji asiongee juu ya gitaa la mwanzo. Aliongea. Miaka 30 baadaye mtu yule anausikia wimbo safi kwenye simu na anahisi umepungukiwa, kwa sababu sauti ya mtangazaji, kikohozi cha baba na mlio wa sufuria vilikuwa sehemu ya wimbo wake.

Sasa ongeza gharama. Betri zilianikwa juani ili zitoe nguvu ya mwisho, na nyumba yenye redio moja ilikuwa na watu wenye haki tofauti juu yake: mzee alitaka taarifa ya habari na matangazo ya vifo, watoto walitaka Mama na Mwana, na majirani walikuja kwa ajili ya Pwagu na Pwaguzi. Dada aliyetaka kuutega wimbo wa saa fulani alikuwa anatumia nguvu za betri ambazo baba yake alizihitaji kwa taarifa ya saa mbili usiku. Huo tayari ni mgogoro wa kifamilia wenye mwanzo, kati na mwisho, na haukuhitaji mtunzi ataje hata jina moja la bendi.

Fanya hivyo pia kwa usafiri. Katika sehemu ya kwanza ya muongo, kwa sababu ya uhaba wa mafuta, magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Bendi iliyokuwa na onyesho la Jumapili, shabiki aliyekuwa na gari la ofisi na msichana aliyeahidiwa lifti walikuwa na tatizo moja lenye sura tatu. Mavazi nayo yana hesabu yake: kabla mitumba haijatapakaa kulikuwa na kafa Ulaya, yaani nguo kuukuu zilizotoka nje, kulikuwa na fundi cherehani aliyebanwa na wateja wiki ya sikukuu, na kulikuwa na ndugu aliyesafiri na kurudi na jinzi moja iliyovaliwa kwa zamu na vijana wa nyumba nzima. Na usisahau sabuni. Mtu aliyekwenda dansini akiwa na shati jeupe mwaka 1983 alikuwa na mtu nyumbani aliyepanga foleni kwenye duka la ushirika, na mtu huyo ana jina na anastahili ukurasa wake.

Televisheni ichunge sana. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya sabini, lakini Bara ilingoja hadi 1994. Mhusika wa Magomeni anayeketi kutazama taarifa ya habari kwenye runinga mwaka 1986 atamfanya msomaji anayeijua miaka ile asikuamini tena, hata katika yale uliyoyaandika kwa usahihi.

Hatua ya nne: Acha kuhakiki muziki, uache utende

Hapa ndipo kazi ya zamani inapompa mwandishi tabu kubwa kuliko zote. Mkono wako umezoea kusema kwamba safu ya wapulizaji ilikuwa kali, kwamba sauti ya pili ilipanda vizuri, kwamba ukumbi ulifurika. Sentensi hizo ni hukumu, na hukumu humwambia msomaji kwamba mambo yamekwisha. Katika hadithi muziki unapaswa kumfanya mtu atende jambo ambalo asingelitenda bila huo.

Hivi ndivyo unavyoweza kuandika kwa mkono wa gazeti: “Bendi ilikuwa katika kiwango cha juu usiku ule, na sehemu ya chemko iliwainua mashabiki wote vitini.” Na hivi ndivyo unavyoweza kuandika usiku uleule kwa mkono wa riwaya:

“Mjomba hakuingia. Alisimama nje upande wa jenereta akikung'uta vumbi kwenye suruali ya kuazima. Kiingilio alikuwa nacho mfukoni. Ndiyo ile noti aliyopewa asubuhi ya kununulia sabuni. Ndani, wimbo ulikuwa bado kwenye beti zake za polepole, mwanamume akimlalamikia mkewe kwa barua, na Mjomba alijua kwamba mpiga tumba akishabadilisha mkono hatakuwa na miguu ya kumrudisha nyumbani. Akahesabu beti. Ya tatu ilipokwisha akamkabidhi mlinzi ile noti bila kumtazama usoni.”

Kipande cha pili hakisemi kama bendi ni nzuri. Kinamwonyesha mtu akishindwa na wimbo, na msomaji anajua kesho asubuhi kutakuwa na swali la sabuni. Angalia pia kwamba kimetumia umbo la wimbo wa dansi wenyewe: beti za taratibu zinazosimulia kisa, kisha kugeuka ghafla na kuingia chemko, gitaa zikipokezana na wapulizaji wakijibu, hadi watu wasahau maneno. Umbo hilo ni zawadi kwa anayepanga sura za kitabu. Unaweza kuiacha sura itembee kwa mwendo wa barua, yenye malalamiko na mashauri, kisha uigeuze kwa tendo moja na kuzifupisha sentensi zako hadi mwisho. Usifanye hivyo katika kila sura, kwani msomaji akishajua mgeuko unakuja hautamshtua.

Kuhusu mashairi ya nyimbo, jambo ni la kisheria na pia la kisanaa. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi ya mtunzi hulindwa katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo karibu kila wimbo wa miaka ya themanini bado una mwenyewe, hata kama hakuwahi kulipwa senti kwa kupigwa kwake redioni. Kutaja jina la wimbo hakuna tatizo. Kunakili beti kunahitaji ruhusa, na ofisi ya kuanzia ni COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ushauri wangu ni kutunga nyimbo zako mwenyewe. Umezisikia za kutosha kujua jinsi zinavyokwenda: mtu anaandikiwa barua, anasihiwa arudi, anaonywa juu ya marafiki, anakumbushwa ahadi aliyoiweka mbele ya wazazi. Wimbo uliobuniwa kwa ajili ya mhusika wako unaweza kubeba siri ya hadithi yako, na familia ya mwanamuziki halisi haitapata sababu ya kulalamika kwamba maneno ya marehemu wao yamewekwa mahali asipopakusudia.

Hatua ya tano: Rudi kwa wazee na maswali mengine

Madaftari yako ya mahojiano yana majibu ya maswali ya gazeti, yaani mwaka gani, bendi gani, wimbo gani, nani alitunga. Rudi kwa wazee walewale, wale walio hai na wenye nguvu za kuzungumza, ukaulize mambo madogo. Muulize mpiga besi alikula nini kabla ya kupanda jukwaani na nani alipika. Muulize mwimbaji alilalia upande gani wa kitanda baada ya kusimama usiku kucha. Muulize mke wake, ikiwezekana peke yake na kwa heshima zote, alijuaje kwamba onyesho lilikwenda vibaya kabla mumewe hajasema neno. Salimia kwa utaratibu, keti muda mrefu, usitoe kinasa sauti mapema, na uwaeleze wazi kwamba safari hii unaandika hadithi ya kubuni na kwamba hakuna jina lao litakaloonekana.

Wazee wawili watakupa matoleo mawili ya jambo moja, na kila mmoja ataapa. Mwandishi wa habari hapo angetafuta mtu wa tatu ili kuamua. Mtunzi ayaweke yote mawili na kuwapa wahusika wawili, kwa kuwa tofauti hiyo huonyesha kila mmoja alitaka kuwa nani katika kisa kile. Jambo la tarehe, bei au sheria ya serikali ndilo la kuhakikishwa, na hilo halihakikishwi kwa kumbukumbu. Nenda Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, au kwenye mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uombe magazeti ya Uhuru na Mzalendo ya mwaka uliouchagua. Soma matangazo kwanza, kisha barua za wasomaji, kisha taarifa za michezo, na mwisho kabisa ukurasa wa mbele. Matangazo yatakuambia bendi ipi ilipiga wapi Jumamosi gani na kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, na barua za wasomaji zitakupa hasira za wakati ule kwa maneno ya wakati ule.

Maneno hayo ni muhimu. Watu walisema magendo, walanguzi, kibali, na ofisini waliitana ndugu, hata bosi na tarishi wake, ijapokuwa kila mmoja alijua nani ni nani. Mzee alisalimiwa shikamoo na kusubiriwa amalize. Mke wa mwanamuziki mwenzako alikuwa shemeji. Mwanamke mwenye mtoto aliitwa kwa jina la mwanawe. Misemo ya vijana wa leo ikipenya katika mazungumzo ya 1984, hata mmoja tu, msomaji atatoka ukumbini na kurudi sebuleni kwake. Kwa hiyo chukua mazungumzo yote ya kitabu, yasome peke yake bila masimulizi, na uchuje kila neno ambalo huna hakika kwamba lilikuwapo.

Hatua ya sita: Usiifute giza ya miaka ile

Hamu ya kale hupenda kusafisha. Kwa mwandishi aliyewapenda wanamuziki hawa maisha yake yote, kishawishi ni kikubwa zaidi, na ninakielewa, lakini kukikubali ni kuwanyima wanamuziki wenyewe haki yao. Wengi walirekodi nyimbo ambazo taifa zima linaziimba hadi leo na hawakuona faida yake. Mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa redioni, na mtunzi aliyekuwa na jambo la kusema kuhusu wakubwa alijifunza kulificha ndani ya kisa cha mapenzi. Wanawake walikuwa wachache mno jukwaani na wengi mno ndani ya nyimbo, mara nyingi wakiwa ndio wanaolaumiwa. Riwaya inayomfuata mmoja wa wanaolaumiwa, akausikia wimbo unaomhusu ukipigwa redioni nyumba ya jirani, ingekuwa na la kusema ambalo nyimbo zenyewe hazikulisema.

Na upo ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kabla muongo haujaisha maisha ya usiku yalikuwa yamebadilika, ingawa kwa miaka mingi watu walilizungumza jambo hilo kwa mafumbo. Remmy Ongala alipoimba waziwazi kuhusu kondomu mwaka 1990, redio ya taifa ilikataa kuupiga wimbo huo. Kama riwaya yako inafika mwisho wa muongo, mashabiki waliojaa ukumbini katika sura ya kwanza hawawezi wote kuwapo katika sura ya mwisho, na namna utakavyowaaga itaonyesha kama uliwapenda wao au ulipenda suruali zao.

Hatua ya saba: Andika, punguza, peleka

Rasimu ya kwanza iandike bila kufungua madaftari. Mahali unapohitaji jina, bei au tarehe weka alama tu na uendelee, kwa sababu mwandishi wa habari akiinuka kwenda kuhakikisha jambo moja hurudi na kurasa nne za maelezo. Ukimaliza rasimu ndipo uzijaze alama hizo, na hapo utagundua kwamba nyingi hazihitaji kujazwa.

Mpe muswada msomaji mmoja aliyekuwa mtu mzima mwaka uliouchagua, na mwingine aliyezaliwa baada ya 1995. Wa kwanza muulize wapi umekosea. Wa pili muulize wapi alichoka. Anapochoka huyo wa pili, mara nyingi ni pale ulipoandika kwa ajili ya wa kwanza, na sehemu hiyo ipunguzwe au ipewe mtu mwenye shida ndani yake.

Riwaya fupi ya maneno kati ya 40,000 na 60,000 inatosha kwa mwaka mmoja wa bendi moja. Kwa muswada wa Kiswahili ambao haujachapishwa kuna milango miwili ya kubisha pamoja na ya wachapishaji wenyewe: Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014. Masharti ya kila moja yasome katika tangazo la mwaka husika, hasa urefu unaokubaliwa na tarehe ya mwisho. Uwe pia tayari kutoa sura za mwanzo kwa mfululizo katika gazeti unaloliandikia, kwa kuwa hadithi ya magazetini ina wasomaji wake waaminifu katika lugha yetu na mhariri wako tayari anakufahamu. Ukizitoa huko, mweleze kabla ya yote kwamba jina lako safari hii likae mbali na safu ya muziki, ili msomaji asizisome sura hizo akitafuta ndani yake habari ya mwanamuziki anayemjua.